Bamvua la Mfunguo Sita: rubani Edwin Moon na siku zake za Rufiji

Tarehe 9 Januari 1917, ukiigeuza kwa kalenda ya Kiislamu, inaangukia tarehe 15 Mfunguo Sita 1335, pengine siku moja mbele au nyuma kwa kufuata mwandamo. Mvuvi wa Unguja au Pemba akitajiwa tarehe 15 hana la kuuliza tena: ni bamvua. Maji yanajaa mpaka juu, yanapwa mpaka mbali, na mikondo ya kwenye midomo ya mito inakwenda kwa nguvu kuliko siku nyingine za nusu mwezi ile. Siku hiyo, nje ya mdomo wa Rufiji, afisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza alifia baharini juu ya chelezo, na mwenziwe, rubani, akafika pwani jioni akiwa hajiwezi kwa uchovu. Rubani huyo ni Edwin Rowland Moon. Kwao husimuliwa kwa ushujaa wake, na ni haki yake. Mimi nataka kumsimulia kwa maji, kwa sababu maji ndiyo yanayoeleza kilichomtokea, na hesabu ya maji iko kwetu.

Moon alizaliwa mwaka 1886 Southampton, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, katika ukoo wa waunda boti. Hilo si jambo la kupita haraka. Ndege za mwanzo zilikuwa kazi ya fundi wa vyombo vya baharini kuliko kazi ya mhunzi: mbao nyembamba, gundi, waya za kukaza, na kitambaa kilichovutwa juu ya mbavu za mbao kisha kikapakwa dawa ya kukikausha na kukibana. Mtu aliyekua akiona mbao zikipindwa na kuunganishwa alikuwa ameshajifunza nusu ya kazi. Ndege yake aliiita Moonbeam, mwali wa mwezi, kwa kufuata jina la ukoo. Aliiunda ndani ya Wool House, ghala la mawe la karne ya 14 karibu na bandari ya Southampton, na mwaka 1910 alikuwa akiijaribu kwenye mashamba ya North Stoneham. Mashamba hayo leo ni uwanja wa ndege wa mji ule. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka aliingia kikosi cha anga cha jeshi la majini, na kikosi hicho ndicho kilichomleta pwani yetu.

Kwa nini Waingereza walihitaji ndege za maji huku? Sababu ilianzia bandarini Unguja. Alfajiri ya 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, ikiongozwa na Max Looff, iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga mbele ya mji, mashine zake zimefunguliwa kwa matengenezo, haiwezi kuondoka. Pegasus ilikuwa na mizinga 8 ya inchi 4. Königsberg ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5, na mizinga hiyo ilifika mbali zaidi, kwa hiyo Wajerumani walipiga wakiwa mahali ambapo risasi za Pegasus haziwafikii. Pegasus ilizama siku ileile na mabaharia zaidi ya 30 walikufa. Itazame tarehe kwa jicho la pwani: Mfunguo Mosi 1332 ulikuwa unamalizika, mwezi haupo mbinguni, giza totoro. Kwa chombo kinachotaka kuikaribia bandari bila kuonekana, hakuna usiku ulio bora kuliko ule.

Baada ya hapo Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji. Delta ile Wazanzibari wanaijua kwa boriti. Dari za nyumba za Mji Mkongwe zimebebwa na miti ya mikoko, mingi ikiletwa na majahazi kutoka huko, na upana wa vyumba vyetu vya zamani umefuata urefu wa boriti hizo. Mikoko ileile iliyotupa dari ilikuwa pazia la manowari. Ukiwa juu ya sitaha ya meli nje ya mdomo wa mto huoni chochote isipokuwa ukuta wa majani, na milango ya maji ni mingi, Simba Uranga, Kikunja, Kiomboni na mingine, kila mmoja na vijito vyake. Ilibidi kuangalia kutoka juu.

Wa kwanza kuletwa alikuwa rubani wa kiraia kutoka Durban, H. D. Cutler, na ndege ya Curtiss yenye tumbo la boti, mwezi Novemba 1914. Joto liliiharibu rejeta, na ikapatikana nyingine Mombasa, iliyotolewa kwenye gari la Ford. Kwa rejeta ya gari Cutler akaruka tena na akaiona Königsberg. Mwezi Desemba alianguka mtoni akakamatwa. Mwaka 1915 zikaja ndege 2 za Sopwith chini ya John Cull. Hizo zilishindwa karibu kabisa, na kushindwa kwake kunafaa kuelezwa vizuri, maana matatizo yaleyale ndiyo aliyokuja kuyarithi Moon.

La kwanza ni hewa. Hewa ya joto ni nyepesi, kwa hiyo bawa linapata nguvu ndogo ya kunyanyua, na injini nayo inavuta hewa kidogo kwa kila pigo na kutoa nguvu pungufu. Ndege iliyopimwa Uingereza kubeba watu 2, mafuta na bomu, hapa ilishindwa kuruka mpaka mzigo upunguzwe. La pili ni gundi. Gundi ya siku hizo ilipikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nayo hulainika kwa joto na unyevu. Rafadha iliyotengenezwa kwa mbao zilizobandikwa tabaka kwa tabaka ilifunguka kama kitabu kilicholowa, na maboya ya mbao nyembamba yakaachia viungo. Mafundi wetu wa majahazi walishajua tangu zamani kuwa bahari hii haistahimiliwi kwa gundi: chombo hutiwa kalafati kwa pamba na mafuta, chini kikapakwa deheni, na kila baada ya muda kikapandishwa pwani kikauke. Boya la ndege nalo lilitaka kupandishwa na kukaushwa, la sivyo mbao zinakunywa maji na uzito unaongezeka kimyakimya mpaka rubani anashangaa mbona leo hairuki.

La tatu ni shwari. Watu wengi hudhani bahari tulivu ni nzuri kwa ndege ya maji. Kwa kutua, kiasi. Kwa kuruka, ni taabu: maji yakilala kabisa yanalishika boya na halitaki kubanduka. Vinatakiwa viwimbi vidogo vya kuingiza hewa chini yake. Dawa yake ni kupitisha mashua ya injini mbele ya ndege ili ivuruge maji. Na hapa kuna mgongano usio na suluhisho: hewa nzuri kwa injini ni ya alfajiri, kabla jua halijapasha, na alfajiri ndiyo saa ambayo bahari hulala.

La nne ni mafuta. Petroli ilikuja katika madebe, debe moja galoni 4, yaani lita 18. Debe likikaa nusu kwenye jua la mchana na ubaridi wa usiku, unyevu hujikusanya ndani na kushuka chini kama maji. Matone machache yakiingia kwenye kabureta injini inakohoa na kuzima. Kwa hiyo petroli yote ilipaswa kuchujwa kwa ngozi laini wakati wa kujaza, polepole, debe baada ya debe, na kichini cha kila debe kuachwa. Chumvi nayo hukaa kwenye plagi na waya za umeme wa injini. Hayo yote ni mambo madogo, na ndiyo yaliyoangusha ndege nyingi pwani hii kuliko risasi.

Königsberg hatimaye ilimalizwa 11 Julai 1915, siku mbili hivi kabla ya Ramadhani 1333, na manowari bapa Severn na Mersey zilizoingia mtoni huku Cull na mwenziwe Harwood Arnold wakielekeza mizinga kutoka angani. Ndege yao ilipigwa, na wakati inashuka bila injini Arnold aliendelea kutuma marekebisho ya shabaha. Hiyo ilikuwa ndege ya magurudumu, Henri Farman, iliyoruka kutoka kiwanja cha Mafia.

Manowari imekufa, vita haikwisha. Kazi ya ndege za maji ikawa kuchunguza pwani yote mpaka kusini, na kituo chao kwetu kikawa ghuba ya Chukwani, kusini ya mji. Kwa chaguo hilo nawapa haki yao. Pwani ya magharibi imekingwa na kisiwa chenyewe dhidi ya mawimbi ya bahari kuu. Kasoro yake ni kupwa: bamvua likipwa maji huondoka na kuacha mchanga na majani ya bahari, na ndege yenye maboya ya mbao huwezi kuiburuta juu ya mawe. Ratiba ya kuruka hufuata maji kwanza, amri baadaye. Leo ndege za abiria zinatua Kisauni, si mbali na hapo, na abiria hawajui kuwa chini yao palikuwa na kituo cha ndege miaka zaidi ya 100 iliyopita.

Ndege zenyewe zilikuwa za kiwanda cha Short. Mojawapo ya aina zilizotumika upande huu ni Short 827: mabawa ya mita 16 na ushei, urefu karibu mita 11, maboya makubwa 2 mbele na moja dogo mkiani, injini ya Sunbeam ya silinda 8 inayopozwa kwa maji, nguvu za farasi 150. Mwendo wake ni karibu kilomita 100 kwa saa, na mafuta yake yanatosha saa 3 na nusu hivi. Sasa pima ramani. Kutoka mji wa Unguja mpaka milango ya kaskazini ya Rufiji ni karibu kilomita 170. Kwenda na kurudi kunamaliza tangi, hata kabla ya kuzunguka kuangalia chochote. Ndiyo sababu mabawa yake yalikunjwa kuelekea nyuma kama ya panzi: ndege ilipandishwa melini kwa winchi, ikabebwa mpaka karibu, ikateremshwa majini, ikarudishwa jioni.

Januari 1917 majeshi ya nchi kavu yalikuwa yakipigana kwenye mto Rufiji wa juu. Tarehe 4, huko Behobeho, aliuawa Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyekuwa amejiunga na jeshi uzeeni, akiwa na miaka 65 siku ya kufa. Tarehe 6, Moon akiwa rubani na Komanda Richard Bridgeman akiwa mwangalizi waliruka kuichunguza delta. Injini ikasumbua. Wakalazimika kutua kwenye kijito kimojawapo ndani ya eneo la adui. Wakaiharibu ndege isichukuliwe, wakaanza kutafuta njia ya kufika baharini ambako meli zao zingewaona.

Atakayesoma habari hii bila kuijua mikoko atajiuliza kwa nini hawakutembea tu. Tope la mikokoni halina chini. Unaingia mpaka goti, ukivuta mguu unazama wa pili, na mizizi ya mkoko imejipinda kama matao, kila hatua ni kupanda na kushuka. Kila baada ya mwendo mfupi kuna hori la kuogelea, na maji yake ni ya chumvi, hayanyweki. Chakula walikuwa nacho kidogo mno, au hawana kabisa. Mtu anayeijua delta hatembei: anangoja maji yajae anakwenda kwa mtumbwi.

Wakaunda chelezo kwa magogo 3 na fremu za madirisha. Hapa pana jambo ambalo fundi wa boriti angewaambia mapema: mti mbichi wa mkoko ni mzito, hauelei vizuri, na mwingine huzama kabisa. Chelezo cha miti ya namna hiyo kinabeba mtu akiwa nusu ndani ya maji. (Mlilana ni tofauti. Mizizi yake ya hewa ni myepesi, na wavuvi waliichonga maboya ya nyavu.) Siku ya 7 na ya 8 walipiga makasia na kuchukuliwa na maji humohumo mtoni. Asubuhi ya 9 chelezo kikatolewa nje, bahari kuu. Bridgeman hakuwa mwogeleaji hodari, na akafa kwa uchovu na baridi ya maji. Jioni Moon akafika pwani, akakamatwa na Wajerumani.

Sasa fanya hesabu, nayo ni rahisi. Geuza tarehe kwa mwezi mwandamo: 6 Januari inakuja tarehe 12 Mfunguo Sita, siku za Maulidi. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 8. Kwenye maji ya Unguja na mwambao ulioelekea, siku ya mwezi mpevu au mwandamo maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 40 hadi 50. Bamvua hufikia kilele siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa kama mita 4. Kwa hiyo tarehe 9 maji yalijaa baina ya saa 10 na nusu na saa 11 alfajiri, yakapwa mpaka karibu saa 5 asubuhi, yakaanza kurudi, yakajaa tena saa 11 jioni.

Linganisha na habari. Asubuhi chelezo kilitolewa nje: ndiyo saa za kupwa, na maji yote yaliyoingia vijitoni usiku yanatoka kwa mlango mmoja, pamoja na maji ya mto wenyewe. Jioni Moon akarudi ufukweni: ndiyo kujaa, na Januari ni kaskazi, upepo unaosukuma kuelekea bara. Maji yaliyowatoa ndiyo yaliyomrudisha. Tarehe 7 na 8 mikondo ilikuwa ikiongezeka kila siku, na kwa watu waliodhoofika kwa njaa kila siku ya kuchelewa ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Laiti ndege ingeanguka siku 5 kabla, wangekutana na maji mafu, ambayo mikondo yake ni dhaifu. Sisemi hivyo kuupunguza ujasiri wa Moon. Alipewa nishani ya DSO kwa jinsi alivyojaribu kumwokoa mwenziwe, na ukijua nguvu ya bamvua kwenye mlango wa Rufiji unaona ilikuwa kazi ya namna gani kumshika mtu mwingine juu ya chelezo cha namna ile.

Moon alitoka kifungoni, akarudi kwenye urubani, akafikia cheo cha Squadron Leader katika jeshi jipya la anga. Tarehe 29 Aprili 1920 alikufa Felixstowe katika ajali ya ndege kubwa ya boti, akiwa na miaka 33. Kaburi lake liko katika makaburi ya zamani ya Southampton.

Kwa anayetaka kufuatilia watu wa namna hii, iwe kwenye Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani au kwenye kumbukumbu za nje, kuna mitego minne inayopoteza watu. Vyeo: "Flight Commander" wa kikosi cha anga cha majini ni rubani kiongozi, wala si Komanda wa meli, kwa hiyo Bridgeman ndiye aliyekuwa mkubwa kwa Moon. Majalada: 1 Aprili 1918 kikosi hicho kiliunganishwa na kile cha jeshi la nchi kavu likawa jeshi moja la anga, na habari za mtu mmoja zinakatika katikati, ukikosa upande mmoja, tafuta wa pili. Majina: mahali pamoja huandikwa kwa tahajia mbili au tatu, na neno "Zanzibar" kwenye karatasi za meli mara nyingine ni jina la kituo cha kazi, mtu mwenyewe alikuwa baharini. Saa: mzee wa Kiswahili akisema saa 11 alfajiri, kitabu cha meli kinasema saa 5, na tukio moja laweza kuonekana mawili.

Makaburi ya mabaharia yako Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya mji. Humo wamezikwa watu wa Pegasus, na waliotangulia kama Nahodha Brownrigg wa meli London, aliyeuawa karibu na Pemba mwaka 1881 akiwinda majahazi ya watumwa. Mawe yake yanaliwa na chumvi. Ukienda kusafisha, tumia maji baridi yasiyo ya bahari na brashi laini basi. Brashi ya chuma inakwangua herufi, tindikali inaliyeyusha jiwe la chokaa, na saruji ya kuzibia nyufa inafungia chumvi ndani mpaka uso wa jiwe unabanduka kwa vipande. Kusoma herufi zilizofifia, piga picha jua likiwa chini upande mmoja, asubuhi mapema au alasiri. Mchana herufi hazina kivuli.

Mabaharia na marubani wana majina kwenye mawe. Wapagazi wa vita ile, waliolibebea jeshi mizigo na kufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, walipata mnara wa pamoja Dar es Salaam mwaka 1927, unaowataja kuwa miguu na mikono ya jeshi, na jina la Kariakoo lililotokana na kikosi chao.

Pale Chukwani ningependa pawekwe kibao. Kisiwe cha chuma, kwa upepo ule kitakuwa kutu kabla ya miaka 5. Shaba nyeusi iliyofungwa kwa skrubu za shaba hiyohiyo, maana metali mbili tofauti kwenye hewa ya chumvi hulana. Kiandikwe kazi ya kituo, miaka yake, majina ya Moon na Bridgeman, na wapagazi wa visiwani. Tarehe ziwe mbili, ya Januari na ya Mfunguo Sita, ili mvuvi anayepita apate kujua maji yalikuwaje.